Fundo Nyuma ya Plasta

Usiku wa kwanza ilikuwa saa kumi alfajiri. Mlio mmoja mfupi, kimya cha kama dakika nzima, kisha mlio tena. Hakikuwa king'ora. Kilikuwa kile kilio chembamba cha kibao cha namba cha kengele ya wizi pale kwenye korido, kinachokuacha uanze kusinzia ndipo kikuite tena. Nikaamka, nikabonyeza namba ya siri, kikanyamaza, nikarudi kitandani. Usiku wa pili kililia saa nane. Wa tatu, saa sita na nusu.

Nyumba ilikuwa kwenye ukarabati, wiki ya pili. Ukuta kati ya jiko na sebule umeshabomolewa, dirisha la jiko linapanuliwa, vumbi limefika hadi kwenye kabati la nguo. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, na kila nikimpigia simu jibu lake lilikuwa lile lile: hiyo paneli imezeeka, tununue nyingine. Nami nilikaribia kukubali. Unapobadilisha vigae, milango na rangi, kubadilisha na paneli ya kengele kunaonekana jambo dogo tu. Kilichoniokoa ni kwamba hela yote ilikuwa imeishia kwenye hivyo vigae.

Usiku wa nne kililia saa tano, mtoto mdogo ndiyo kwanza amelala, na hapo subira ikaniishia. Ndani ya kabati la korido kuna boksi la chuma, ndiyo paneli yenyewe, lenye mambo yote: bodi ya saketi, transfoma, na betri nyeusi nzito kama nusu tofali. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kitu kisicho na umeme hakilii. Nikaenda kwenye ubao wa breka, nikashusha swichi kuu. Niliona swichi nyingine moja katika ule mstari tayari iko chini. Niliiona kwa macho tu, haikufika akilini. Nikarudi na tochi mdomoni, nikachomoa waya mwekundu wa betri. Kibao kikazimika. Nyumba ikatulia kwa muda wa pumzi moja.

Kisha nje, juu ukutani chini ya paa, king'ora kikalipuka.

Simama gizani na tochi mdomoni na waya mkononi, mtaa mzima unaamshwa na kitu ambacho umeshakikatia umeme kwa mikono yako, halafu uniambie kama utafikiri vizuri. Mimi sikufikiri. Mtoto analia, mbwa wanabweka, jirani ametoka na fimbo. Ilinichukua labda dakika mbili kupata akili ya kurudisha ule waya mahali pake na kubonyeza namba ya siri. Kikanyamaza. Nikamwomba jirani radhi kupitia dirishani. "Hapana neno, mama," akasema, "angalau tumejua kinafanya kazi."

Asubuhi nikampigia fundi aliyefunga mfumo huo miaka ya nyuma. Kwanza alicheka hadi akakohoa. King'ora cha nje, akanieleza, kina betri yake ndogo ndani. Muda wote paneli inakipelekea volti, na hizo volti ndizo zinazokizuia kulia. Mtu akikata waya au akiua paneli, kizuizi kinaondoka, nacho kinalia chenyewe kwa betri yake. Kwa hiyo usiku ule nilifanya hatua kwa hatua kile ambacho mwizi angefanya, na mfumo ukanipokea kama mwizi.

Akanipa utaratibu, nami nauandika hapa kwa sababu ungeniepusha na aibu ile. Unaingia kwanza kwenye hali ya fundi kwa namba yake maalumu, ambayo si ile ya kuwashia na kuzimia kengele kila siku. Katika hali hiyo, kwenye mfumo wetu, paneli inajua kwamba boksi litafunguliwa na haipigi kelele, na king'ora cha nje nacho kinazuiwa kulia. Ndipo unazima umeme wa nyumba, na mwisho unachomoa betri. Wakati wa kurudisha, unaanza nyuma kwenda mbele. Na mikono isiguse kabisa upande wa transfoma unaoingiza umeme, maana huo ni umeme wa nyumba, unaua. Upande wa pili ndiyo volti 16 hivi tu. Tochi mdomoni, vidole vimelowa jasho, mimi nilikuwa napapasa sentimita chache kutoka hapo. Swichi kuu ilikuwa chini, nashukuru.

Namba ya fundi alinipa kwa kusitasita, kisha akaongeza neno moja ambalo ndilo lililobadilisha kila kitu: "Kabla hujanunua chochote, soma kumbukumbu."

Sikujua paneli inaandika kumbukumbu. Inaandika. Kila tukio, na saa yake, mamia ya mistari nyuma. Nikasimama pale korido nikibonyeza mshale, mstari mmoja mmoja: 18:07, umeme umekatika. 23:02, betri chini. 06:41, umeme umerudi. Nikarudi siku moja nyuma: 18:11 umeme umekatika, 00:34 betri chini, asubuhi umerudi. Siku nyingine nyuma, hivyo hivyo. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya risiti ya saruji, na mistari minne tu ilitosha. Umeme wa paneli ulikuwa unakatika kila siku jioni baada ya saa kumi na mbili, na kurudi kila asubuhi kabla ya saa moja. Saa za kazi za mafundi, zikageuzwa.

Nikamwendea fundi umeme. "Mimi nazima breka ya jiko kila jioni nikiondoka, dada," akasema, na alisema kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Nyaya za jiko ziko nje, na wewe una watoto." Alikuwa sahihi kabisa. Ila hakuna aliyejua, si yeye wala sisi, kwamba miaka ile transfoma ya kengele ilichukuliwa umeme kutoka laini ya jiko, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kule kuzima kwake kwa hekima ndiko kulikoiacha paneli iishi usiku kucha kwa betri.

Na kwa nini kila usiku ililia mapema zaidi? Hapo ndipo nilipojifunza juu ya hizi betri za madini ya risasi zilizofungwa. Yetu ni ya volti 12, ampea saa 7 (yaani kwa hesabu, ampea moja kwa saa saba), ya kawaida kabisa katika kengele za nyumbani. Paneli na sensa zetu zote zinakula karibu robo ampea, kwa hiyo ikiwa mpya ingetubeba zaidi ya siku nzima. Lakini betri hii imeundwa kukaa imejaa ikisubiri dharura. Haikuundwa kukamuliwa hadi mwisho kila usiku. Ikikamuliwa hivyo, chumvi inayojengeka kwenye bamba zake inaanza kuwa ngumu na hairudi tena ikichajiwa, na nafasi ya kuhifadhia umeme inapungua. Yetu ilikuwa na umri wa miaka sita, tayari bibi kizee. Usiku mmoja wa namna ile ilimudu muda wa saa kumi tangu umeme ukatike, wa pili saa nane, wa nne haikufika hata saa tano.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipima kabla na kuitoa hatiani. Nilinunua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikaweka ncha zake kwenye betri, ikasoma volti 13.6. Nzima! Fundi wa kengele akaniuliza kwenye simu, "Uliichomoa kwanza?" Sikuichomoa. "Basi umepima chaja." Nikaichomoa, ikasoma 12.4, ambayo bado si mbaya ukiiona kwenye kioo. Akanituma nitafute balbu ya breki ya gari, ile ya wati 21, niiunganishe huku multimita ikiwa pale pale. Balbu ikawaka vizuri kabisa, na namba zikaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi: 11.3, 10.8, 10.1, 9.4. Haikumaliza dakika. Betri isiyobebeshwa kitu ni kama mtu anayejisifu amekaa.

Ningenunua betri mpya na kuishia hapo, kelele ingekwisha siku ile ile. Betri mpya ingevumilia usiku wa saa kumi na mbili bila kulia, ingekamuliwa karibu nusu kila siku, na baada ya muda nayo ingekufa kama ya kwanza, wakati huo sote tumeshasahau habari ya breka ya jiko. Hilo lilinitisha kidogo. Fundi umeme akaihamishia transfoma kwenye breka yake peke yake, nikaibandikia karatasi: KENGELE, USIZIME. Kisha ndiyo nikanunua betri.

Mambo mengine ya wiki zile hayastahili maneno mengi. Fundi rangi alikifungua kibao cha namba ukutani ili apake nyuma yake, akakiacha kinaning'inia kwa waya, kikalalamika mchana kutwa. Nyuma yake kuna kiswichi chenye springi kinachobonyezwa na ukuta, na kikiachiwa paneli inajua kwamba kuna anayekichezea. Sensa ya mwendo ya sebuleni ilinipa somo la kuchekesha zaidi. Vumbi la msasa lilipoanza niliivika mfuko mwembamba wa plastiki, nikiamini nimeifumba macho. Nikapita chini yake, kitaa chake chekundu kikawaka. Nikadhani nimekosea, nikapita tena, kikawaka tena. Kumbe sensa ile haitazami mwanga tunaoutazama sisi, inatazama joto la mwili, na miale ya joto inapenya plastiki nyembamba ya namna ile kama mwanga unavyopenya kioo. Lenzi yake yenyewe imetengenezwa kwa plastiki ya ukoo huo huo. Tangu hapo nikatumia karatasi nene na tepu ya wapaka rangi, na nikaandika kwenye mlango wa boksi kwamba sensa hiyo imefunikwa, nisije nikasahau na kujidhani nalindwa.

Jambo lenye uzito lilitokea katika wiki ya tatu, na lilipotokea nililiona kama habari njema.

Ilikuwa mchana. Mafundi walikuwa wanachimba mfereji ukutani kando ya dirisha la jiko, tindo na nyundo, mara paneli ikaanza kulia. Nilikuwa kwenye simu ya kazi chumbani. Nikavumilia. Baada ya kama robo saa ikanyamaza yenyewe, na nilipotoka nikamkuta kijana anayemsaidia fundi uashi amesimama mlangoni, mikono imejaa saruji, anatabasamu. "Mama, waya wako ulikuwa umekatika kidogo. Nimeufunga. Imenyamaza." Nikaenda kuangalia kibao: taa ya kijani, hakuna tatizo lolote. Nikamshukuru, tena kwa dhati. Baada ya usiku zile, mtu anayeweza kuinyamazisha paneli kwa mikono yake nilimwona ni mtaalamu. Alasiri ile ile plasta ikapigwa.

Wiki mbili baadaye kazi ikaisha. Rangi imekauka, dirisha jipya linang'aa, na paneli ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilifanya jaribio la kutembea kwa sababu moja tu, fundi wa kengele alikuwa ameniambia kwenye simu nisisahau. Unaiweka paneli kwenye hali ya majaribio, halafu unapita nyumbani ukifungua mlango mmoja mmoja na dirisha moja moja, na kila unapofungua, kibao kinapiga mlio. Nilishika karatasi nikaweka alama. Mlango wa mbele, mlio. Mlango wa nyuma, mlio. Madirisha ya sebule, mlio. Dirisha la jiko.

Nikalifungua. Kimya. Nikalifunga, nikalifungua tena hadi mwisho, mapazia ya sebule yakapeperuka kwa upepo ulioingia. Nikaenda korido. Kibao kilikuwa kinaonyesha zoni 4, yaani laini ya dirisha hilo, imefungwa, kila kitu salama.

Kwanza nikashuku sumaku. Kwenye fremu kuna swichi ndogo yenye vibamba viwili vya chuma ndani ya kichupa cha kioo, na kwenye ubao wa dirisha kuna sumaku. Sumaku ikiwa karibu, vibamba vinagusana. Dirisha likifunguka, vinaachana. Fremu ni mpya, huenda vipimo vimebadilika. Lakini nilipokaa nikafikiri, mawazo hayo hayakusimama. Sumaku ikikaa vibaya, zoni inakataa kufungwa. Yangu ilikuwa inakataa kufunguka. Nilikuwa natafuta kitu kinachoziunganisha nyaya mbili mahali fulani kabla hazijafika dirishani. Shoti.

Na kwa nini paneli haikuiona shoti? Jibu lilikuwa ndani ya boksi, limefungwa kwa skrubu mbele ya macho yangu. Mfumo wa namna hii hutumia rezista, kijidude kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu kinachopimwa kwa omu. Yetu ina mistari mitatu myekundu na mmoja wa dhahabu, maana yake omu 2,200. Paneli inapima waya muda wote: ikiona omu 2,200, dirisha limefungwa na waya ni mzima; ikiona waya uko wazi, dirisha limefunguliwa au waya umekatwa; ikiona sifuri, kuna aliyeunganisha nyaya ili kuidanganya. Ni akili nzuri sana, kwa sharti kwamba rezista iwekwe mwisho wa waya, kule kule dirishani. Aliyefunga mfumo wetu alizipanga rezista zote ndani ya boksi, pale waya unapoanzia. Ni rahisi, unakaa mahali pamoja na bisibisi moja, huhitaji kupanda ngazi mara sita. Lakini kwa mpangilio huo, nyaya zikigusana popote ukutani, paneli inasoma omu 2,200 na kusema salama. Itaendelea kusema salama hata dirisha liking'olewa na fremu yake.

Nikarudi kwa fundi huyo kwenye simu. Kulikuwa na ukimya kidogo upande wa pili. "Kila mtu alikuwa anafanya hivyo," akasema. Sikubishana naye. Nilimhitaji aniambie pa kuanzia.

Sasa plasta ni mpya, rangi ni mpya, na ndani kuna waya wa mita kadhaa unaopanda darini, unavuka sebule na kushuka jikoni. Kuvunja ukuta mzima kuutafuta lilikuwa jambo nisilotaka hata kulitamka. Akanifundisha njia ambayo hadi leo naiona kama mazingaombwe. Waya wa kengele ni mwembamba, shaba yake ni ya milimita mraba 0.22, na wembamba huo una faida: ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme, unapimika. Kila mita ni karibu omu 0.08, na kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, ni 0.16 kwa kila mita ya umbali. Ukijua omu, umejua mita.

Stoo kulikuwa na kipande kilichobaki cha waya ule ule. Nikapima mita 10 kamili, nikazisokota ncha za upande mmoja, nikaweka multimita upande wa pili: 1.9. Nikagusanisha ncha za multimita zenyewe: 0.3. Hiyo ni ya nyaya za kifaa, unaitoa. Zikabaki 1.6 kwa mita 10, kama alivyosema. Nikaenda kwenye boksi, nikaingia hali ya fundi (somo limeingia), nikazima umeme, nikachomoa betri, nikafungua skrubu za zoni 4 na kuutoa waya nje ya bodi. Dirishani nikaikata swichi ya sumaku pia, ili waya ubaki peke yake. Kutoka kwenye boksi multimita ilisoma 2.2, toa 0.3, inabaki 1.9, mita 12 hivi. Kutoka dirishani ilisoma 0.9, inabaki 0.6, chini kidogo ya mita 4. Multimita ya bei ya chini haiaminiki sana kwenye namba ndogo kiasi hicho, ndiyo maana nilipima pande zote mbili. Nikachukua futi, nikafuata njia ya waya kwa mkono: kutoka dirishani kupanda, kuambaa na dari, kushuka pale ukuta wa zamani ulipokuwa. Mita 4 zikaishia kwenye nguzo mpya, usawa wa kifua changu.

Ukutani hapakuwa na chochote. Rangi nyeupe, laini, nzuri. Ndipo nikakumbuka simu yangu. Nilikuwa nimepiga picha kuta zote kabla ya plasta, kwa sababu ya mabomba ya maji, nisije nikatoboa bomba nikitundika kabati. Nikaitafuta ya nguzo ile na kuikuza kwa vidole viwili. Waya mweupe ndani ya mfereji, na katikati yake uvimbe mweusi wa tepu.

Nilichora mraba kwa penseli, upana wa kiganja, nikachukua tindo. Kipande cha plasta kikatoka kizima kama kifuniko. Nikaifungua tepu kwa kucha. Waya ule una nyuzi nne ndani: njano na kijani ni za dirisha, nyekundu na nyeusi ni za ulinzi wa waya wenyewe, zinazunguka nyumba nzima na kurudi, na zikikatika paneli inalia mchana au usiku. Nyuzi za njano na kijani kutoka pande zote mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja kuwa fundo moja. Nyekundu na nyeusi, fundo la pili. Kwa hiyo mzunguko wa ulinzi ulifungwa pale, na paneli ikanyamaza. Dirisha nalo lilifungwa pale pale, nalo lingebaki hivyo.

Yule kijana alikuwa bado anamalizia kazi nje. Nilimwita nikamwonyesha bila kusema kitu. Akatazama, akakuna kichwa. "Nilijaribu hivi, ikalia. Nikajaribu vile, ikalia. Nilipofunga hivi ikanyamaza, mama, nikajua imepona." Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Mimi nilichomoa waya mwekundu wa betri usiku kwa imani hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemshukuru. Yeye alitumia paneli kama kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa na rezista mahali pasipofaa, kilimjibu ndiyo. Nikamwambia tu kwamba kimya kingi kina mshindo, akacheka, akashika tochi nikiunga.

Niliunga rangi kwa rangi, nikachoma kila kiungo kwa risasi, nikavipishana visije vikagusana tena, nikaviweka ndani ya kiboksi kidogo chenye kifuniko badala ya kuvizika. Plasta juu ya kiungo sitaki kuiona tena maishani. Kisha nikaitoa rezista ya zoni 4 kwenye boksi, nikaipeleka hadi dirishani, nikaifunga ndani ya kasha la swichi ya sumaku. Nikarudisha betri, nikarudisha umeme. Kabla ya kufunga kila kitu nikazigusanisha makusudi zile nyuzi mbili, njano na kijani, kwa bisibisi. Paneli ikapiga kelele papo hapo. Sijawahi kufurahia sauti ile kama siku hiyo. Zoni nyingine nilizihamishia rezista zake mwisho wa nyaya kwa Jumamosi mbili, moja baada ya nyingine, na kwenye zoni 2 nikakuta skrubu moja imelegea ambayo ningeisikia tu siku ya msiba.

Mume wangu alirudi wiki iliyofuata. Alizunguka nyumba nzima akishangaa, akapapasa kuta, akafungua na kufunga milango, halafu akasimama mbele ya nguzo ya jikoni.

"Hiki kiboksi ni cha nini? Mbona rangi hapa haijamalizwa?"

Nikamwambia ni habari ndefu, nikafungua dirisha la jiko ili nianzie hapo. Korido, kibao kikapiga mlio.

"Bado inalia?" akasema. "Si ulisema umeitengeneza?"